Hoteli ya "kibunifu" Amsterdam: nimelipa euro 750 nikakaa kwenye ngazi mama akioga

Wakuu, heshima kwenu. Nilisema nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Zimegoma kupoa, kwa hiyo uzi ni mrefu, na asiyependa povu apite kushoto.

Naishi Düsseldorf. Aprili hii mama alikuja kunitembelea kutoka Tanga, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Aliyewahi kumhangaikia mzazi viza ya Schengen anaijua shughuli yake: euro 90 za maombi ambazo hazirudi hata ukinyimwa, bima ya safari yenye fidia isiyopungua euro 30,000, barua ya mwaliko, taarifa za benki, kwenda na kurudi Dar. Viza ilipotoka nikasema huyu mama hawezi kurudi Ngamiani akasimulia jiko langu tu. Nimpeleke Amsterdam siku mbili, treni ni saa mbili na kitu, na angalau mara moja alale kwenye hoteli ya maana.

Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Hoteli yenyewe ni nyumba tatu za kale kando ya mfereji, kuta zimetobolewa zikaunganishwa. Mtandaoni inajiita ya anasa na ya ubunifu. Euro 340 kwa usiku, chumba cha vitanda viwili, bei ile isiyorudishwa kwa sababu ilikuwa nafuu kidogo. Jina silitaji, msinifuate inboksi. Malalamiko yako mezani na sitaki wakili wa mtu anipigie simu.

Kaunta ya mapokezi hakuna. Unaingia, unasimama na mabegi yako kama uliyepotea stendi, halafu anatokea kijana kavaa ovaroli ya fundi gereji, kishikwambi mkononi. La kwanza alilosema baada ya salamu ni hela. Amsterdam inatoza kodi ya watalii asilimia 12.5 ya bei ya chumba kabla ya VAT, kiwango hicho kipo tangu 2024. Na bei yenyewe imeshabeba VAT ya asilimia 21, maana Januari 2026 waliipandisha kutoka 9. Sina ugomvi na kodi, jiji ni lao. Ugomvi wangu ni kwamba kodi hiyo haikwepeki, muuzaji anaijua mpaka senti, na sheria ya walaji ya Uholanzi inamtaka aiingize kwenye bei tangu mwanzo. Mimi niliona 680. Mlangoni ikawa 750 na senti 25. Juu yake wakazuia euro 200 za dhamana kwenye kadi, na kadi yangu si ya mkopo, kwa hiyo hiyo 200 ndiyo ilikuwa hela ya kula na kutembea.

Nikameza. Mama yupo pembeni anatabasamu, utaanzaje kugomba?

Ngazi sasa. Nyumba za mifereji ni nyembamba na ndefu, ngazi zake zimesimama wima kama za kupandia darini. Wenyeji wenyewe hawapitishi kabati humo; kila nyumba ina boriti na ndoano juu kabisa, mzigo unavutwa kwa kamba ukaingizwe dirishani. Mama alipoiona ile ndoano akaniuliza kama na wageni wanapandishwa hivyo. Wakati wa kuagiza chumba niliandika wazi: mgeni ana miaka 67, goti la kulia bovu, naomba chumba kinachofikika kwa lifti. Wakajibu "tumepokea". Kumbe lifti ipo nyumba ya kati na inaishia ghorofa ya pili. Sisi tukapewa nyumba ya pembeni, ghorofa ya nne. Nikauliza, nikaambiwa jengo linalindwa kihistoria, haliruhusiwi kuguswa. Naelewa, ukanda ule wa mifereji upo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2010. Lakini kuta mlitoboa mkaweka baa! Yaani historia inalindwa dhidi ya lifti peke yake?

Mama alipanda akishika ukuta, anapumzika kila kona, anasoma dua.

Tukafungua mlango, na hapa naomba mnisome taratibu.

Bafu liko katikati ya chumba. Si pembeni. Katikati, kati ya vitanda na dirisha, limezungushiwa kioo kitupu kama lile sanduku la samaki wa mapambo. Ukilala kitandani unamwona anayeoga kuanzia utosi mpaka kisigino. Choo kimepakana nalo, chenyewe kina kioo cha ukungu, lakini mlango wake ni wa kuburuta, hauna komeo, juu umeacha wazi na chini umeacha wazi, sauti yote inatoka. Mimi ni mwanaume wa miaka 38. Yule ni mama yangu mzazi.

Tukasimama wote wawili hatuangaliani. Mama akavunja kimya: "Mwanangu, na wenyewe wanaoga saa ngapi humu?"

Nilishuka ngazi zile zote kumtafuta wa ovaroli. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba ndiyo dhana ya hoteli, kuondoa mipaka kati ya kulala na kuoga. Nikamwomba chumba kingine, vyote vimejaa. Nikamwomba pazia, hawana, pazia lingeharibu mwonekano. Akanipa vocha mbili za kokteli kuniomba radhi. Kokteli. Kwa mama aliyeshuka kwenye treni akiuliza kibla kiko wapi.

Basi mama akafungua begi akatoa doti yake ya khanga, kipande kimoja akaning'iniza kwenye kile kioo. Kioo hakina pa kushikia, kwa hiyo tukatumia vibanio vya nywele na kamba ya chaja ya simu yangu. Ile khanga imeandikwa "Siri ya mtungi aijuaye kata". Nilitaka kucheka nikashindwa. Khanga yenyewe ilifunika nusu tu, kwa hiyo utaratibu ukawa huu: mama akitaka kuoga, mimi nje. Akitaka choo, mimi nje. Akitaka kutawadha, mimi nje. Kila mmoja wetu ana hesabu zake za likizo. Mimi zangu ni kwamba siku mbili zile nilikaa kwenye ngazi ya ghorofa ya nne mara kumi na moja, nimeegemea ukuta, wageni wengine wananiruka na kuniambia samahani. Maji ya kujisafishia chooni hayapo, hilo Ulaya tumeshalizoea, lakini kuna jagi la kioo la msanii fulani lilikuwa mezani na kikaratasi cha kueleza lilivyofinyangwa kwa pumzi. Jagi hilo likapata kazi ya kopo. Msiniulize zaidi.

Taa hazina swichi. Kila kitu kiko kwenye kioo cha kugusa ukutani: taa, joto, mapazia ya dirisha, muziki. Saa kumi na moja alfajiri mama kaamka kuswali, mimi kama kawaida niko nje, miguu peku. Nasikia "Yallah!" na kishindo. Kumbe alitafuta taa ndogo, akabonyeza alama ya jua, na jua maana yake ni "habari za asubuhi": taa zote zikawaka, ngoma ikaanza, mapazia yakajifungua yenyewe mpaka mwisho. Nje giza, chumba kinawaka kama jukwaa la taarabu, mama yuko na upande mmoja wa khanga katoka kuoga. Ng'ambo ya mfereji kuna mzee dirishani na kikombe chake cha kahawa. Alipunga mkono, maskini, kwa adabu tu. Mama hakukaribia lile dirisha tena mpaka tunaondoka.

Samani? Kabati hamna, kuna vigingi vitatu na mkanda wa ngozi. Birika hamna, maji ya moto unaagiza chini, euro 6 kikombe. Kiti kipo kimoja, mfano wa kile chekundu na bluu alichobuni Gerrit Rietveld wa Utrecht, cha 1918, mbao tupu bila mto. Jumba la makumbusho ningekitazama kwa heshima zote. Mama alikikalia dakika moja, akainuka, akakizunguka, akasema, "Hiki fundi hajakimaliza."

Na kitandani kulikuwa na mito ya kitenge. Wa ovaroli alishaniambia kwa fahari kwamba wameweka kitambaa cha Kiafrika. Sasa mama yangu ameuza vitenge Ngamiani zaidi ya miaka ishirini, amesomesha watoto kwa vitenge. Anajua kwamba kile walichokuwa wanakigombania wateja wake kama wax ya Kiholanzi kinatoka humuhumu Uholanzi, Helmond, kwa kampuni iliyoanza 1846. Akaushika ule mto, akageuza upindo kwa kidole gumba, akatazama nyuma. Nyuma peupe. Wax ya kweli rangi inaingia pande zote mbili. "Chapa ya upande mmoja," akasema, akaurudisha taratibu kama anamrudishia mteja chenji. Yaani mko nchi inayotengeneza kitu chenyewe, mnatoza euro 340 kwa usiku, mnaweka feki!

Huo mto ndio hoteli nzima. Imetengenezwa kwa ajili ya kupigwa picha. Nimerudi kuangalia picha zao za mtandaoni, ziko ishirini na mbili, na hakuna hata moja inayoonyesha bafu na kitanda kwa pamoja. Kuna ya bomba, kuna ya taulo, kuna kona ya kioo yenye ukungu wa mvuke. Aliyepiga alijua anachoficha, na hapo ndipo ninaposema nimeibiwa. Bafu la kioo muwe nalo, wapo wanaolipenda, wapenzi wakiwa wawili shauri yao. Ila mwandike. Neno moja tu, "kioo", ningeokoka.

Na jeuri wanayo kwa sababu wanajua utarudi au atakuja mwingine. Tangu 2024 jiji halikubali hoteli mpya mpaka nyingine ifungwe, idadi ya vitanda isiongezeke. Watalii wamewachosha, sawa. Lakini aliyeshika chumba leo ameshika mpini.

Kwa uadilifu: godoro lilikuwa zuri. Na mama alilipenda jiji. Kilichomfurahisha kuliko vyote ni kivuko cha bure nyuma ya stesheni ya Centraal, cha kuvuka maji ya IJ, baiskeli na watu wamebanana. "Pantoni ya Kigamboni hii," akasema, tukavuka mara tatu bila sababu.

Tovuti niliyoagizia imenijibu kwamba bei haikuwa ya kurudishwa. Mjue pia ile haki ya siku 14 za kughairi manunuzi ya mtandaoni huku Ulaya haigusi malazi ya tarehe maalumu, msiitegemee. Nilichofanya, nimedai vitu viwili kwa maandishi: kodi iliyofichwa, na sehemu ya bei kwa sababu ombi la lifti walilipokea wakalipuuza. Nimepeleka nakala Kituo cha Walaji cha Ulaya, tawi la Ujerumani lililopo Kehl, ambacho hushughulikia kesi za kuvuka mpaka na hakitozi kitu. Mliopo huku kitumieni.

NYONGEZA: Mkuu uliyesema "ungechukua vyumba viwili", nashukuru, ungenitumia na hizo euro 750 za chumba cha pili.

NYONGEZA YA PILI: Leo asubuhi wameniandikia. Sio kuhusu madai. Wanasema wahudumu wa usafi wamekuta "kitambaa cha mapambo" kimefungwa bafuni, kinaonekana ni cha mgeni, na wanaweza kukituma Düsseldorf kwa euro 24. Mama yuko Tanga, nikampigia kumuuliza. Kacheka mpaka akakohoa. Nimewajibu kama alivyoniagiza: muiache palepale mlipoikuta, anayekuja na mama yake ataihitaji.