Mrejesho: lile ua la rangi ya chungwa la Kisauni

Wale mlionijibu nilipouliza kuhusu ua la mwituni linaloota kando ya njia huku Kisauni, shukran sana. Limejulikana: ni Leonotis nepetifolia, ukoo mmoja na mnanaa na mrehani, na asili yake ni humu humu Afrika ya tropiki.

Mlisema nianze na shina. Nililibiringisha kati ya vidole, na kweli lina pembe nne, majani yametoka mawili mawili yakielekeana. Maua yamezunguka shina kwa matabaka, kila tabaka duara kama mpira wenye miba. Miba hiyo ni ncha za kikombe kinachoshika ua. Ni nane, na ya juu imezipita zote kwa urefu. Ukishika kavu, inachoma hasa.

Kuna aliyependekeza Leonotis leonurus. Hapana. Ile ni ya kusini mwa Afrika na majani yake ni membamba, marefu. Haya ni mapana, yana meno pembeni na kikonyo kirefu. Nadhani jani ndilo lililomaliza ubishi.

Ndege chozi hawabanduki pale asubuhi, wanaingiza midomo kwenye mirija ya maua kufyonza nekta. Nimemwomba jirani anayefyeka ukingo ule auache mmea ukomaze mbegu. Amekubali, ila nimemwambia asiupande kwake. Unaenea upesi, na huko Australia unahesabiwa kuwa gugu.