Rimbaud na wanamuziki wa roki: kuna uhusiano gani hasa?

Swali: Wakuu, kila nikisoma habari za roki ya miaka ya 1970 nakutana na jina la Rimbaud. Huyu si mshairi wa Ufaransa aliyezaliwa 1854? Kaingiaje kwenye magitaa?

Jibu: Anza na Patti Smith, mwimbaji wa roki wa Marekani. Akiwa na miaka 16, huko Philadelphia, aliona kitabu cha Rimbaud kwenye kibanda karibu na stendi ya mabasi. Hakuwa na senti 99, akakitia mfukoni. Mwaka 1975, kwenye albamu yake ya kwanza, Horses, anamtaja Rimbaud kwa jina. Mimi nilidhani anaita mpenzi wake!

Jibu: Tom Verlaine wa bendi ya Television naye alizaliwa Thomas Miller. Jina kaazima kwa Paul Verlaine, mshairi Mfaransa aliyekuwa mpenzi wa Rimbaud.

Jibu: Msimsahau Jim Morrison, mwimbaji wa The Doors. Mwaka 1968 alimwandikia profesa Wallace Fowlie kumshukuru kwa kumtafsiri Rimbaud, maana Kifaransa kilimpa tabu.

Muulizaji: Kumbe! Na Rimbaud mwenyewe aliacha ushairi akiwa kijana wa miaka ishirini hivi. Wanaroki wangapi wangethubutu?