Besi wakinyamaza: gumzo la kwaya kuhusu Locus iste

Katibu: Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Sikukuu ya kutabaruku kanisa, yaani kuliweka wakfu, imebaki wiki tano. Mwalimu amechagua Locus iste, wimbo wa Kilatini wa mtunzi Anton Bruckner. Viongozi wa sauti, ulizeni hapa yote mapema ili Jumanne tuanze kuimba moja kwa moja.

Kiongozi Soprano: Milele amina. Mwalimu, wimbo wenyewe ni mfupi. Wiki tano zote za nini?

Mwalimu: Nota mtazishika kwa mazoezi mawili, dada. Wiki zilizobaki ni za kuzuia wimbo usishuke. Ni vipimo 48 (kila kimoja mapigo manne), sauti nne, Doh ni C, na hakuna kinanda chini yenu. Kwaya nyingi huanza C na kumaliza karibu na B bila hata kujua.

Mpiga Kinanda: Kwa faida ya wapya: Bruckner aliutunga Agosti 1869 kwa ajili ya kikanisa cha nadhiri cha kanisa kuu jipya la Linz, Austria, akiwa ameshahamia Vienna. Uliimbwa humo mara ya kwanza tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo. Kwa hiyo tunauimba siku ile ile uliyokusudiwa, ya kutabaruku.

Kiongozi Alto: Na maana yake jamani, tusiimbe kama kasuku.

Mwalimu: Locus iste a Deo factus est: mahali hapa pamefanywa na Mungu. Inaestimabile sacramentum: fumbo la thamani isiyokadirika. Irreprehensibilis est: hapana lawama. Basi, ni maneno hayo tu. Kumbukeni Yakobo alipoamka usingizini na kusema hakika Bwana yupo mahali hapa, Mwanzo 28. Mwanzo wa wimbo unataka utulivu wa mtu wa namna hiyo.

Katibu: Unaingia sehemu gani ya Misa? Nipange ratiba.

Mwalimu: Zamani ulikuwa wimbo wa baada ya somo katika Misa ya kutabaruku. Sisi tunaimba zaburi ya siku kama kawaida, kwa hiyo huu uwekwe baada ya komunyo, watu wakiwa wametulia. Usiuweke kwenye vipaji, kelele za sadaka zitaumeza.

Kiongozi Tenori: Matamshi, Mwalimu. Hapo ndipo tunapoangukia.

Mwalimu: Kweli kabisa, na makosa yetu ni ya Kiswahili. La kwanza, tunapachika irabu. Utasikia "fakitus", "esiti", "sakaramentum". "Est" inafungwa na st kwa pamoja, watu wote kwa mkono wangu, bila i mwishoni. Wakifunga mmoja mmoja utasikia sssss kama nyoka kanisa zima.
La pili ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana mtasema inaestimaBIle. Kilatini ni inaestiMAbile, na irreprehenSIbilis. Mkikaza BI, sentensi inavunjika mgongo. Ae isomeke e. H ya "prehen" msiipulize.

Kiongozi Soprano: Nakala ya solfa (nota za herufi, d r m) ninayo kwenye simu. Nirushe?

Mpiga Kinanda: Subiri kwanza, dada. Nakala za solfa za wimbo huu huharibika vipimo vya 21 hadi 29, kwa sababu kuna nusu toni nyingi. Mwandishi akisahau herufi moja, fe (fa iliyopandishwa nusu toni) inakuwa f, se (so iliyopandishwa) inakuwa s, na hapo hapo sauti tatu zinagombana. Nalinganisha na nota za mistari kwanza, zipo bure mtandaoni kwenye CPDL, maktaba ya nota za kwaya. Kesho jioni nitaweka nakala iliyosahihishwa.

Kiongozi Besi: Sisi naona tumepewa mapumziko hapo katikati 🙏

Mwalimu: Kaka, hayo si mapumziko, ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwenu. Sikilizeni nyote.
Kipimo cha 13 besi ndio wanaotangulia na "inaestimabile", wengine wanajibu. Halafu jambo lile lile linarudi juu zaidi, kwa nguvu zaidi. Hapo kosa ni kupayuka. Kipimo cha 21 besi wananyamaza kabisa. Tenori wanaanza "irreprehensibilis" kwa sauti ndogo sana, soprano na alto wanafuata, na kila mtu anatembea kwa nusu toni. Msingi wa nyumba umeondolewa, kuta zimebaki hewani. Kipimo cha 30 besi wanarudi, na wimbo unaanza upya kama mwanzo.

Kiongozi Besi: Basi tuishike ile C kichwani tangu mwanzo, tukirudi tuipige ile ile.

Mwalimu: Hapana, hilo ndilo linaloua. Kama wenzenu wameshuka kidogo nanyi mkaingia na C ya kumbukumbu, mtagongana nao mbele ya waamini. Siku ya Misa ingieni na C ya wenzenu. Wakati wa mazoezi ndipo tunawabana wao wasishuke.

Kiongozi Alto: Tunawabanaje? Sisi tukiimba taratibu tunashuka tu.

Mwalimu: Mnashuka kwa sababu tatu. Hatua ya kushuka mnaipiga kubwa mno, hatua ya kupanda mnaipiga ndogo mno, na sauti ikipungua mnapunguza na pumzi. Sauti ndogo inataka pumzi nyingi zaidi. Nusu toni ya kushuka iwazeni kama hatua fupi ya kidole, ya kupanda iwe pana.
Tutajifunza kinyumenyume. Kwanza kodi (sauti zote zikilia pamoja) ya mwisho ya kipimo cha 29 na ya kwanza ya 30, hizo mbili tu, mara kumi. Kisha tuanzie 27. Kisha 25. Mwisho 21. Kila tukifika 30, kinanda kigonge C mara moja kutupima, kisha kinyamaze.

Mpiga Kinanda: Na tukiona tumeshuka kila siku?

Mwalimu: Wiki ya mwisho tutajaribu kuanzia nusu toni juu, C#. Kuna kwaya zinazotulia zaidi hapo. Ila soprano wasibanwe koo.

Kiongozi Tenori: Mwendo je? Rekodi nyingine zinatambaa.

Mwalimu: Bruckner ameandika Allegro moderato, yaani haraka kiasi. Tuweke mapigo 64 kwa dakika. Vipimo 48 mara mapigo 4 ni 192, yaani dakika 3 kamili. Mkitambaa, pumzi inakatika katikati ya "sacramentum". Kwenye sentensi ndefu pumueni kwa zamu, jirani wawili wasivute pamoja, na asiwepo wa kuvuta katikati ya neno.

Kiongozi Soprano: Pale mwishoni kuna kimya. Nilidhani nakala imekatika.

Mwalimu: Haijakatika. "Deo" inanyooshwa kwa nota nyingi, irabu ni e ile ile mpaka mwisho, isigeuke i. Kisha mapigo 5 ya kimya, karibu sekunde 5. Kanisa linamalizia mwangwi, ndiyo kazi ya kimya hicho. Mkono wangu utaendelea kuhesabu kidogo sana. Msigeuze karatasi, msikohoe, macho kwangu. Tunarudi na "a Deo factus est" kwa sauti ndogo kuliko zote. Mtu mmoja akiwahi, hakuna wa kumficha.

Katibu: Maikrofoni niandae ngapi?

Mwalimu: Hakuna hata moja. Maikrofoni huchukua aliye karibu nayo. Simameni nusu duara, besi na tenori katikati nyuma, wasikiane.

Kiongozi Besi: Nimeelewa, Mwalimu. Besi tufike Jumanne saa 11 jioni, nusu saa kabla ya wengine. Tutaanza na kipimo cha 13.

Mwalimu: Vizuri. Na tenori wawili waje nanyi, wawaimbie kuanzia 27 mfanye mazoezi ya kuingia.