Mlio wa ajabu kwenye mashine ya boti: mwishowe ilikuwa nini? Tupeane uzoefu

Nanga Butu (mwanzisha mada)

Wakuu, kila mwenye boti ana siku aliyosikia mlio ambao jana haukuwepo, akapunguza moto, akatega sikio, akaomba uwe wa boti ya jirani. Naanza na wangu.

Mashine yangu ni ya kufunga nyuma, tu-stroki, pistoni mbili. Ikinguruma taratibu nje ya gia inagonga: ko, ko, ko, kama mtu anabisha hodi kwa kifundo cha kidole. Nikiongeza moto kidogo mlio unapotea. Fundi wa kwanza alisikiliza hata dakika haikutimia, akasema, "Bering ya krenki hiyo, ishushe tuifungue." Krenki ni ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Nikaanza kutafuta hela. Jioni nikatoa kava, nikachomoa plagi zote mbili isije ikashtuka, nikashika flaiwili, lile gurudumu zito lililo juu ya krenki, kwa mikono miwili na kuitikisa. Ikacheza! Nati ya juu ilikuwa imelegea, na ile kii, kipande kidogo cha chuma kinachoifunga kwenye krenki, imeshaanza kulika upande mmoja. Ingekatika, plagi zingeanza kupiga moto nje ya wakati wake na pengine mashine isingewaka kabisa. Nikabadilisha kii, nikapangusa koni ya krenki ikawa kavu, nati ikakazwa kwa spana ya kipimo. Kimya.

Tangu hapo mtu akiniambia mashine inalia, namuuliza kwanza inalia lini. Mlio unafuata mzunguko wa mashine, unafuata mwendo wa boti, au unakuja ukiingiza gia tu? Kwa hiyo mkileta yenu semeni mashine ya aina gani, inalia wakati gani na ilikuwa nini. "Inalia vibaya" haitusaidii.

Dau la Mnyonge

Ya kwangu haikugonga, ilipiga mayowe. Nimepakia watu sita, nafungua moto, mashine inapanda juu kama imetolewa majini, boti imekaa palepale. Nikipunguza, inasukuma vizuri tu. Nikajua gia inaruka.

Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu akaniambia nichore mstari wa rangi nyuma ya propela, uanzie kitovu cha ndani uvuke hadi cha nje, halafu nikatembee nayo. Niliporudi mstari ulikuwa vipande viwili, kimoja kinatazama juu, kingine kimehamia ubavuni. Mpira ulio katikati ya vile vitovu viwili ulikuwa umeachia. Mpira huo umewekwa makusudi: propela ikipiga mwamba, ndio unaoteleza ili gia zisivunjike. Wangu ulikuwa umezeeka, unateleza hata bila mwamba. Gia haikuwa na tatizo lolote.

Kasia

Kabla ya kununua propela tazama kwanza kama haijavaa mfuko wa plastiki. Na kama inapiga mayowe kwenye kona tu, huenda mashine imefungwa juu mno, propela inavuta hewa badala ya maji. Mimi niliishusha tundu moja kwenye ubao wa nyuma, ikaisha.

Maji Kujaa

Mimi ni wa dizeli ya ndani, pistoni tatu, moshi wake unatoka pamoja na maji. Sauti yake nimeizoea: nyuma inabwaga maji, pwaa, pwaa. Siku moja tuko njiani mwenzangu anapiga soga, nikamnyamazisha. Hakuna mlio ulioongezeka, kuna uliopungua. Ile pwaa haipo, na moshi unatoka kwa sauti kavu yenye mwangwi, kama mtu anapuliza kwenye pipa tupu. Mshale wa joto haujasogea bado. Nikachungulia nyuma: mvuke upo, maji hakuna. Nikazima hapohapo, tukatia nanga.

Chujio safi, valvu iko wazi. Nikafungua kifuniko cha pampu ya maji, nikakuta lile pangaboi la mpira limebaki na mapanga matatu kati ya sita. Nikaweka jipya, maji yakarudi, nikafurahi mapema. Mapanga yaliyokatika hayayeyuki jamani. Mawili yalikuwa kwenye hosi ya kutokea, la tatu limekwenda kubana mdomo wa kipozeo, na wiki iliyofuata joto likaanza kupanda tena. Hesabuni vipande mpaka vitimie.

Ninyi wa mashine za nyuma mna kale kamkojo ka maji pembeni, mnaona kwa macho kama pampu inasukuma. Mimi nategemea sikio.

Bisibisi

Mawili ya haraka. Mluzi wa mkanda: nyunyiza matone ya maji kwenye mkanda, kwa mbali, mikono na nguo mbali na puli. Mluzi ukikatika kidogo au ukibadilika, ni mkanda wenyewe, umelegea au umekauka. Usipobadilika, shuku bering ya altaneta (ile inayochaji betri) au ya pampu.

La pili ni dizeli iliyokuwa inapiga nyundo. Fundi aliyenifundisha hakufungua kitu. Alilegeza nati ya bomba la kila nozo (kile kifaa kinachopuliza dizeli kwenye silinda), moja baada ya nyingine, mashine ikinguruma taratibu, ili kila pistoni ikose mafuta kwa zamu yake. Ya kwanza akalegeza, mashine ikapepesuka, nyundo ipo. Ya pili vilevile. Ya tatu, nyundo ikafa papo hapo. Nozo ya tatu ilikuwa inavujisha badala ya kupuliza ukungu. Ingekuwa bering ya chini imekufa nisingepona kwa nozo moja.

Maji Kujaa

Bisibisi, hapo ongeza tahadhari. Dizeli inayotoka kwenye bomba la nozo ina presha ya kupenya ngozi, na jeraha lake ni tundu dogo la kudharaulika huku ndani nyama inaharibika. Ni hospitali siku hiyohiyo. Kitambaa, miwani, vidole mbali. Na mashine mpya zenye reli ya pamoja ya mafuta, yaani bomba moja la presha linalolisha nozo zote, hilo jaribio msilifanye kabisa, presha yake ni ya hatari zaidi.

Bisibisi

Kweli, niliruka hapo. Yangu ni ya zamani, pampu ya kawaida.

Chelezo

Naona aibu lakini nasema. Kilili-kilili chini ya kava, unafuata mzunguko. Nimebadilisha raba za kufungia mashine, zote nne. Nimekaza kila bolti inayofikika. Nikaweka bisibisi ndefu sikioni, ncha kwenye bloku, nikasikiliza sehemu baada ya sehemu kama daktari. Ilikuwa spana namba kumi. Niliisahau mwenyewe siku nabadilisha plagi, imekaa kwenye kona ya sinia la chini inatetemeka. Na spana hiyo nilikuwa nimeitafuta mwezi mzima, nikamtuhumu mtu.

Tezi

Mimi bado sijapata jibu, nisaidieni. Mashine ya nyuma, foo-stroki. Nje ya gia safi kabisa. Nikiingiza gia, mbele au nyuma, kuna mngurumo wa kusaga chini huko, ukiongeza moto unageuka kama mtu anaimba puani. Maji yanatoka vizuri, nguvu haijapungua.

Nanga Butu

Gia tu, mbele na nyuma. Basi toka kwenye kichwa cha mashine, nenda chini. Oili ya gia umeitazama lini? Fungua skrubu ya chini, acha itoke kidogo kwenye kikopo.

Tezi

Sijawahi kuitazama tangu niinunue.

Tezi

Nimerudi. Kabla ya oili yalitoka maji matupu, halafu ikafuata oili yenye rangi ya chai ya maziwa, nzito. Kwenye sumaku ya skrubu kuna unga wa chuma, na vipande viwili vidogo vinavyong'aa.

Dau la Mnyonge

Toa propela. Tazama nyuma ya ile wosha nene.

Tezi

Mshipi wa kuvulia. Umejizungusha kwenye shafti kama uzi kwenye kibiringo, umeyeyuka umekuwa plastiki moja, na sili ya oili, ile raba inayozuia maji yasiingie kwenye gia, imekatwa mviringo mzima. Nimeukata kwa wembe nusu saa nzima. Ni wangu, rangi naijua. Kesho nafungua gia nione bering zimebaki ngapi.