Tupeane uzoefu: mnaolea mabinti wa kuasili huku Dodoma, msimu gani umewapa mtihani?

MamaWaMiyuji
Habari zenu wapendwa. Jana usiku upepo huu wa Julai ulivyokuwa unapiga mabati huku kwetu Miyuji, binti yangu kaja na blanketi lake kajikunyata miguuni kwangu, kaniuliza "mama, mwaka jana nao upepo ulikuwa hivi?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena, "na kabla sijaja, ulikuwa hivi hivi?" Yaani moyo ulinijaa, nikakumbuka mengi kwa mpigo. Wenzangu mliochukua watoto kwenye vituo vya kulelea yatima au kwa ndugu, hasa vibinti vidogo, na hewa yetu hii, kiangazi hakiishi, baridi ya asubuhi na vumbi, mvua zikija zinakuja zote kwa pamoja, hebu leteni yaliyowakuta. Nadharia sitaki.

BabaIpagala
Umenigusa dada. Kwetu ni damu za pua. Kipupwe cha kwanza akiwa kwetu, usiku wa manane mke wangu anapiga kelele, naingia chumbani shuka lote limelowa damu na mtoto amekaa tu anatuangalia, hata halii. Mke wangu ni mtu wa Bukoba, kule mvua karibu mwaka mzima, hajawahi kuona pua inapasuka kwa ukavu. Tumefika hospitali daktari swali la kwanza "kwenye ukoo kuna mwenye tatizo la damu?" Tukaangaliana. Hatujui jamani. Hatumjui mama yake, hatumjui baba yake, tunajua tu alikookotwa. Lile swali liliniuma kuliko ile damu. Siku hizi nikiulizwa nasema wazi, huyu ni wa kuasili, ya ukoo hatuyajui, mpimeni kila mnachoona kinafaa. Wakampima na seli mundu, hana, Mungu ni mwema.

MzeeWaKikuyu
Mlaze chali, maji ya baridi utosini, imeisha hiyo. Tumekulia hapa wote hivyo.

NesiMakole
Shikamoo babu. Samahani lakini asilazwe chali, damu inarudi kooni anaimeza halafu anatapika. Aketi, ainame mbele kidogo, mbane ile sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuachiaachia kuchungulia, apumue kwa mdomo. Isipokata mpelekeni hospitali. Miezi hii ya upepo mpake mafuta ya mgando kidogo sana kwenye matundu ya pua akienda kulala, na mkatazeni kuchokonoa.

MzeeWaKikuyu
Marahaba mwanangu. Ila maji ya utosini yanatuliza.

NesiMakole
Ya utosini nakuachia babu, kulaza chali ndo sikuachii 😄

BintiKongwa
Mimi wangu ni mvua. Desemba ile mvua ya kwanza imepiga, kumbikumbi wametoka, watoto wa mtaa mzima wako chini ya taa na mabeseni, na wangu yumo, nikafurahi maana alikuwa hachangamani na watoto. Kesho yake natandika kitanda, nainua godoro, nakuta kumbikumbi, vipande vya ugali mkavu, karanga, mbegu za ubuyu zimeshamumunywa, na vichwa vya dagaa. Vyote kavipanga vizuri kwenye kitambaa. Mlezi wa kituoni alishanidokeza kwamba kabla ya kufikishwa pale alikuwa anashinda na kulala njaa, lakini kusikia ni kusikia tu, kuona kile kitambaa ni kitu kingine kabisa.

Sikumgombeza hata kidogo. Nilienda sokoni Majengo nikanunua kindoo cha mfuniko, nikamwambia hiki chako, kitakaa hapa kichwani kwako, saa yoyote ukiamka kina chakula na hakuna mtu atakigusa. Mwanzoni alikuwa anaamka usiku anafungua tu kuangalia kisha anafunga. Mwezi wa pili zabibu zikaiva nikawa namwekea zabibu, kipindi cha njaa kile kabla mahindi hayajakomaa nikajibana lakini kindoo hakikukaa kitupu. Basi mavuno ya pili ya zabibu, mwezi wa nane huo, nafungua nikakuta karanga ni zilezile za tangu wiki iliyopita na hajazigusa. Nilikaa jikoni nikalia kwa furaha.

KakaChangombe
Kumdekeza huko dada. Mtoto akificha chakula ni fimbo, panya watajaa ndani.

BintiKongwa
Kaka yangu, mtoto aliyelala njaa unamchapa kwa kosa lipi? Kuogopa?

MjombaKibaigwa
Chang'ombe acha hizo. Huku kwetu tunalima mahindi na bado kila nyumba ina kihenge. Mtu mzima akiweka akiba anaitwa mwerevu, mtoto akiweka akiba achapwe.

KakaChangombe
Nimetoa maoni yangu, mada inasema tupeane uzoefu na mimi nimelelewa kwa fimbo nimekuwa mtu.

MjombaKibaigwa
Ulikuwa na mama yako.

MamaMpwapwa
Nilishasema hili sitalisimulia popote ila mmenifungua.

Mama mkwe wangu alifariki mwezi wa nane, wakati jua linachoma na upepo unabeba udongo wote. Kijijini huko mbele ya Mpwapwa. Binti yangu alikuwa na miaka mitano na huyo bibi ndo alikuwa dunia yake. Mvua zikianza wako wote shambani, bibi alimtafutia kijembe cha mpini mfupi, wanapalilia uwele pamoja. Mvua zikikata wanaanika mlenda juu ya paa la tembe, si mnajua zile nyumba za udongo za paa bapa, mtoto anapanda yeye kwa sababu ni mwepesi, bibi yuko chini anamwelekeza. Mwaka wa mwisho bibi miguu iligoma, kwenda chooni usiku anayemshika mkono ni huyu mtoto na tochi yake.

Siku ya maziko tumefika makaburini, ikaitwa zamu ya wajukuu kutupa udongo. Binti yangu akatoka na wenzake. Wifi yangu mkubwa, aliyekuja asubuhi ile kutoka Dar na treni ya mwendokasi mpaka Dodoma kisha gari, akamshika bega akamrudisha nyuma, akasema kwa sauti watu wakasikia, "watangulie wa damu kwanza, huyu baadaye." Jamani. Makaburi yote kimya. Mume wangu ameshika koleo hajui aweke wapi mikono. Mtoto hakulia, aliniangalia tu mimi na udongo wake kwenye ngumi.

Baba mkwe ni mzee sana na haoni vizuri, alikuwa amekalishwa kwenye kiti. Akauliza kuna nini mbona kimya, mtu akamnong'oneza. Akasimama mwenyewe na fimbo yake. Akasema, "Yuko wapi aliyekuwa anampeleka marehemu chooni usiku? Nyie wa damu mlikuwa wapi?" Akamwita binti kwa jina la mama mzazi wa yeye mzee, maana ndo jina walilompa, akamshika mkono wakaenda wawili wakatupa udongo, wengine wote wakafuata nyuma yao, na wifi akiwemo.

Usiku sasa tumelala chini wanawake wote kwenye mkeka, ananisogelea sikioni, "mama, mimi sina damu?" Nilimkumbatia nikatoka naye nje kwenye baridi tukakaa jikoni kwenye majivu ya moto wa matanga, nikamweleza. Kwamba damu unayo nyekundu kama yangu. Kwamba ulizaliwa na mama mwingine, sisi tukakutafuta, tukaenda mpaka mahakamani tukamwambia jaji tunamtaka huyu. Akauliza "jaji akasemaje?" Nikamwambia akasema sawa. Akalala.

DadaNkuhungu
Nimesoma niko kwenye daladala, nalia mpaka konda kaniuliza kama nimeibiwa.

SalmaKondoa
Mungu amweke huyo babu.

KijanaUDOM
Wifi je? Aliomba msamaha?

TaiWaNzuguni
Hata mimi nauliza wifi.

MamaMpwapwa
Hajaomba. Krismasi alituma gauni la mtoto. Gauni tumelipokea, mengine tunamsubiri.

BintiKongwa
Mimi hilo gauni ningelirudisha na treni hiyohiyo.

SalmaKondoa
Hapana mpendwa, usirudishe. Ni mlango huo, uache wazi kidogo.

MtuWaSingida
Pole mama, lakini miaka mitano ni mdogo mno kumwambia hayo. Ungesubiri akue.

MamaMpwapwa
Ningesubirije na ameshaambiwa mbele ya kaburi?

DadaWaUstawi
Naomba niingie hapa, nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi. Kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009 mwenye kumweleza mtoto habari za kuasiliwa ni mzazi aliyemuasili. Sio wifi, sio jirani, sio mwalimu. Na mahakama ikishatoa amri, huyo ni mtoto wenu kama mliyemzaa, mpaka kwenye urithi. Babu wa Mpwapwa alisema makaburini kile ambacho sheria inasema.

MjombaKibaigwa
Dada samahani, mimi ninaye mtoto wa marehemu shemeji yangu, tangu yuko mgongoni mpaka sasa yuko awali. Mahakamani hatujawahi kukanyaga. Si yuko sawa tu? Ananiita baba.

DadaWaUstawi
Kwa mapenzi yuko sawa kaka, kwa karatasi hayuko sawa. Leo ukifumba macho ndugu zako wakimkana, atasimamia nini? Anza ofisi ya ustawi ya wilaya yako, Kongwa ipo. Watakuja nyumbani kuona anavyoishi, wataandika ripoti, ndipo ombi liende mahakamani. Mtu baki anatakiwa awe na miaka 25 au zaidi na amzidi mtoto kwa miaka 21. Ndugu wa mtoto masharti ya umri ni mepesi zaidi.

MtuWaSingida
Mambo ya mahakama yanatia baridi na usumbufu mwingi. Wazee wetu walilea yatima bila jaji.

TaiWaNzuguni
Wazee wetu hawakuwa na viwanja vya kugombania, Mtumba yenyewe, huko kwenye mji wa serikali, ilikuwa pori.

MjombaKibaigwa
Jumatatu naenda. Nimesoma ile ya makaburini mara mbili, nimemwangalia wangu anavyolala, naenda.

KakaChangombe
Dada Kongwa, kile kindoo umenunua shilingi ngapi? Mke wangu kaniambia mtoto wa mdogo wangu tunayekaa naye anaficha mikate kwenye begi la shule. Sikuwa najua.

BintiKongwa
Bei ya kawaida tu kaka, ila chagua cha mfuniko wa kubana sababu ya sisimizi. Na mwache achague rangi mwenyewe.

MamaWaMiyuji
Jamani nawashukuru. Mama Mpwapwa wetu wanakaribiana umri. Shangazi yangu ana shamba la zabibu Hombolo, mwezi wa nane wanavuna, leteni watoto wakutane wachume wenyewe.

BabaIpagala
Sisi tunakuja, na mafuta ya pua tunabeba.

MzeeWaKikuyu
Mimi nina wajukuu wanne, wote wanakula zabibu. Kuna usafiri?