Nahamia Tanga, naambiwa mji umepoa. Kuna nini cha kuona?

Msafiri wa Singida: Wakuu habari za jumapili. Nahamia Tanga kikazi mwezi ujao na sijawahi kufika, kila ninayemuuliza anasema pazuri ila mji umepoa, viwanda vilishakufa. Mimi mambo ya reli na viwanda nayapenda sana, nikifika nianzie wapi? Na bandari inafanya kazi kweli au imebaki jina tu?

Mwana Ngamiani: Karibu sana mkuu. Mgeni huku tunamwambia waja leo waondoka leo, ila wewe kaa. Anzia stesheni, reli ilianza kujengwa hapa 1893 Mjerumani akiitaka Usambara, ikafika Moshi 1911, na hiyo reli ndo inaugawa mji mpaka leo, upande wa bahari maofisi na majengo ya Mjerumani, upande wa pili Ngamiani kwetu, barabara zinaitwa kwa namba, hupotei. Boma la zamani nalo usiliache, siku hizi ni makumbusho.

Mjukuu wa mkata mkonge: Mkonge mbona hamuutaji jamani!! Ndo ulioijenga Tanga. Mjerumani mmoja, Hindorf, aliagiza miche Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe upande wa Pangani, 1893 hiyo hiyo. Omba kuingia shamba lenye korona, yaani mashine ya kutoa nyuzi, inayofanya kazi uone majani yanavyopondwa, maji ya kijani yanachuruzika na ile harufu kali, halafu nyuzi zinaanikwa juani, zinapigwa brashi, zinafungwa marobota. Jani zima nyuzi ni kama asilimia 4 tu! Miaka ya 60 nchi ilivuka tani 200,000 kwa mwaka, zikaja kamba za plastiki bei ikaporomoka, mashamba mengi yakawa pori. Bibi yangu alikata mkonge miaka yote ile, inaniuma nikisikia mtu anapita anasema hapa hakuna kitu.

Winchi Man: Mimi neno "umepoa" nalipinga. Kiwanda cha mbolea kilifungwa ni kweli, lakini saruji Pongwe inatoka. Na bandari ndo kabisaa, zamani meli kubwa inatia nanga mbali huko, mzigo unashushwa kwenye matishari, yale mabapa yasiyo na injini, tagi (meli ndogo ya kuvuta) inayavuta mpaka gatini halafu unapakuliwa tena, yaani kazi moja mnaifanya mara mbili na mteja analipia siku zote hizo. Mradi uliokamilika 2023, zaidi ya bilioni 400, umechimba kina mpaka mita 13 na gati mita 450, meli sasa inakuja kulala yenyewe gatini. Hapo sijataja Chongoleani, hapa hapa Tanga, linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443.

Msafiri wa Singida: Asanteni sana wakuu, hilo la matishari sikulijua kabisa. Bandarini naweza kupiga picha?

Winchi Man: Ndani mpaka uombe ruhusa getini, usijaribu kimyakimya. Ukitaka meli tu nenda Raskazone, kule ufukweni, jioni, zinaonekana zikiingia na kutoka.