Kikao cha idara kinaishia kwenye yatokanayo: naomba ushauri

Katibu Mgeni
Habari za kazi, ndugu zangu. Niko katika taasisi moja ya umma hapa Dodoma, na hivi karibuni nimepewa ukatibu wa kikao cha idara cha kila Jumatatu. Kinachonisumbua ni yatokanayo, yaani ajenda ya kufuatilia maamuzi ya kikao kilichopita: kila jambo lililokwisha kuamuliwa hufufuliwa na kujadiliwa upya, kiasi kwamba mpango wa manunuzi wa robo mwaka, ambao ndio unaohitaji uamuzi, hufikiwa wakati wajumbe wameanza kuaga. Mwenyekiti ni mtu mzima ninayemheshimu, nami nisingependa aone kwamba ninamfundisha kazi. Nifanyeje?

Mama Masjala
Mwanangu, anza na muhtasari wenyewe. Ukiandika kwamba "wajumbe walisisitiza umuhimu wa kufuatilia suala la gari," umekaribisha mjadala mwingine, kwa kuwa hakuna aliyetajwa wala tarehe iliyowekwa. Andika kwamba afisa usafirishaji atapeleka gari TEMESA, wakala wa serikali unaotengeneza magari ya umma, kabla ya tarehe 14 na kuwasilisha taarifa. Usambaze muhtasari mapema, kila mhusika ajaze utekelezaji wake kwenye jedwali, na kikaoni yasomwe yaliyokwama tu.

Mhasibu wa Pwani
Naafiki, ila jedwali halimnyamazishi mtu mwenye dukuduku. Mengi yanayoibuliwa hapo ni posho, sare na likizo, ambayo mahali pake ni baraza la wafanyakazi. Chombo hicho kipo katika mashirika ya umma tangu Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970, lakini wengi hukikumbuka siku ya uchaguzi wa wajumbe tu. Mimi ningeisogeza yatokanayo iwe baada ya ajenda za uamuzi.

Mama Masjala
Hapo sikubaliani nawe, Mhasibu. Ukianza kupanga bajeti ya matengenezo kabla ya kusikia kama gari limetengenezwa, utairudia kazi ileile. Ibaki mahali pake, ipewe dakika kumi na tano.

Katibu Mgeni
Ahsanteni. Na mwenyekiti je?

Mama Masjala
Ijumaa mpelekee rasimu ya ajenda yenye muda mbele ya kila kipengele, umwombe airekebishe. Akishapunguza au kuongeza dakika kwa kalamu yake mwenyewe, Jumatatu atakuwa wa kwanza kuwakatiza wanaozidisha.